Fundi Ilyasi Aposa Mchezaji

Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, kulikuwa na mafundi cherehani wengi, lakini aliyeshona huku akipiga kelele alikuwa mmoja tu. Ukisikia mtu kibarazani anafoka, "Juu! Juu, mwanangu, usiusubiri mpira kama unasubiri chai!" ujue huyo ni Ilyasi, na ujue vilevile kwamba hapo hakuna mpira wala mwanaye. Kuna gauni la bi harusi chini ya sindano, na fundi mwenyewe kichwani mwake yuko uwanjani. Wateja walishamzoea. Walichoomba ni asije siku moja akapiga smashi na mkasi mkononi.

Mwaka ule wa 1990 alikuwa mtu wa makamo, tumbo limeanza kujitangaza, miguu bado myembamba kama ya kijana. Babu yake alifika Kigali na wafanyabiashara wa pwani, akaoa Mnyarwanda, akasahau njia ya kurudi. Alimwachia mjukuu lugha ya Kiswahili, kanzu moja nzuri na mdomo usiochoka. Mkewe, Swafiya, alikuwa akiuza mandazi palepale kibarazani, naye mdomo wake haukuwa nyuma sana.

Mpira wa wavu ulimwingia fundi huyu bila kubisha hodi. Shule ya sekondari ya wasichana, ile iliyokuwa juu kidogo ya mtaa, ilimwita akapime jezi. Akapima. Kisha akaketi ukutani kuwatazama mabinti wakifanya mazoezi, akaona wanavyoanzisha mpira kwa ncha za vidole, kana kwamba wanamega ugali wa moto, roho ikamuuma. Alivua viatu akaingia uwanjani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na hakutoka tena. Mkurugenzi wa shule, Madame Daphrose, hakumzuia, kwa kuwa mwalimu aliyekabidhiwa timu alikuwa wa hesabu na alipenda sana kivuli.

Sasa, makocha wa mashuleni siku zile, tuseme ukweli, wengi walikuwa watu wa kuchuma na kutupa. Binti anaruka vizuri? Mrushe, mrushe tena, mpaka goti lijae maji. Mwakani atakuja mwingine mwenye goti jipya. Nani atauliza? Wazazi wako vijijini, wanajua mtoto yuko shule anasoma. Jambo hilo lilimchoma Ilyasi kuliko kushindwa mechi. "Mtoto iko na kwao," alikuwa akisema. "Si embe ya barabarani."

Kwa hiyo alijitungia desturi yake, na kila aliyeisikia alicheka kwanza. Hakumweka msichana kwenye timu kabla hajaenda kumposa. Ndiyo, kumposa. Alikwenda kwa wazazi kama Wanyarwanda wanavyokwenda kuomba mchumba: amevaa kanzu yake nzuri, ana vinywaji, anakaribishwa, anakaa, anazungumzia mvua, anazungumzia ng'ombe, wenyeji wanajifanya hawajui kilichomleta, naye anajifanya hana haraka. Mpaka neno litoke. Na neno likishatoka mbele ya majirani, limetoka, halirudishwi mfukoni.

Binti aitwaye Gahongayire, Ilyasi alimwona mwezi wa kwanza wa mwaka huohuo. Mpira ulikuwa umekwama kati ya bati na mfereji wa maji ya mvua wa bweni, mabinti wamekusanyika chini wakiurushia mawe, wanatafuta ngazi. Akapita msichana mgeni ana ndoo ya kufulia. Akaweka ndoo chini, akaruka mara moja tu, akauchukua mpira kule juu kama mtu anayetoa kikombe kabatini, akawapa, akabeba ndoo yake akaenda zake. Ilyasi alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Yule nani? Yule nani, jamani?"

"Gahongayire, Fundi. Kwao Gahanga, kule kilimani. Lakini hachezi. Baba yake amekataa, amesema shule ni vitabu."

"Hajaposwa vizuri," alisema Ilyasi.

Jumapili yake alivaa kanzu, akafunga kreti ya Fanta nyuma ya baiskeli, akashika njia. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa Rwezamenyo hasa, ambao hawawezi kupitwa na mtu aliyevaa vizuri bila kumuuliza anakwenda wapi. Rafiki wa Swafiya, muuza vitunguu, alimsimamisha. "Fundi, leo umependeza, harusi iko wapi?" Ilyasi, kwa furaha aliyokuwa nayo, akajibu bila kushuka kwenye baiskeli, "Naenda kuposa Gahanga! Binti mrefu, hujawahi kuona!"

Kabla hajafika hata nusu ya njia, mtaa mzima ulishajua kwamba Ilyasi anaongeza mke.

Yeye huko aendako hakuwa na habari. Alipokelewa na Rutayisire, baba wa binti, mkulima mwenye mabega mapana na macho ya kucheka, ambaye alizitazama zile chupa za Fanta kwa huzuni ya wazi. Mezani kwake posa ilikuwa na mtungi wa pombe ya ndizi na mirija. Majirani wakaitwa. Wakazungumzia mvua. Wakazungumzia ng'ombe. Hatimaye Ilyasi, kwa Kinyarwanda chake kizuri, akasimama na kueleza kwamba katika ua ule ameona ua jingine, na kwamba hakuja kulichuma, amekuja kuliombea ruhusa ya kuruka.

Rutayisire alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, naye hacheki tena:

"Umemwona mke wangu?"

Mama alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka. Mgongo ulimshika tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, na hakuweza kuinuka bila kushikwa.

"Huyu hashuki bondeni tena," alisema Rutayisire. "Likizo ikifika, na kila Jumamosi anaporuhusiwa kuja, maji ya nyumba hii yanapanda kwa miguu ya Gahongayire. Wewe umeona miguu inayoruka. Mimi naona miguu inayoleta maji. Ng'ombe siwezi kukudai, huna. Mahari yangu ni hii: unamchukua mzima, unamrudisha mzima."

"Nitamrudisha kama nilivyomchukua," alisema Ilyasi.

"Mbele ya watu hawa?"

"Mbele ya watu hawa na Mungu."

Wakanywa Fanta. Jirani mmoja alilalamika kwamba neno lililofungwa kwa soda halikazi, lakini akanyamazishwa. Ilyasi aliteremka Gahanga akiimba, akafika kwake alasiri akakuta mlango umefungwa, mkeka wake uko nje, na juu ya mkeka kuna mto, sufuria moja na kijiko kimoja.

"Swafiya! Kuna nini?"

"Peleka kwa huyo mrefu!" ilijibu sauti kutoka ndani. "Nasikia hajawahi kuonekana mwingine! Mimi niko nani hapa, mashini ya kupika?"

Alisimama pale nje akieleza habari za wavu, mfereji wa bati na smashi, majirani wakisikiliza kwa raha zao zote, na wengine wakiuliza maswali ya kumchongea. Swafiya alifungua aliposikia jina la shule. Hakuomba radhi, na hata baadaye alisema kwamba mtu anayeposa mchezaji anastahili kulala nje mara moja, ajue uzito wa maneno. Lakini tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeuliza kila jioni, "Mke mwenzangu ameruka vipi leo?"

Na mke mwenzake aliruka! Nisimalize maneno, lakini binti yule aliruka. Mwezi wa pili alikuwa hajui kuhesabu hatua. Mwezi wa nne wapinzani walikuwa wakimwona anarudi nyuma kujipanga, wanaanza kufunga macho. Timu iliyozoea kutolewa mapema ikashinda mechi, ikashinda nyingine, ikafika mahali ambapo shule nzima ilianza kusahau vitabu. Watawa wa shule, waliozoea kusali kimya, walionekana wakipiga makofi. Madame Daphrose, mwanamke wa heshima zake, mwenye miwani na saa ya dhahabu, alinunua filimbi. Hakuna aliyejua ya nini, kwa kuwa hakuwa mwamuzi, lakini aliipuliza.

Fainali ikaangukia Jumamosi ya mwezi wa sita, siku ileile Kamerun ilipocheza na Kolombia kule Italia kwenye Kombe la Dunia. Kigali nzima ilikuwa imewehuka. Watu walikuwa wamenunua betri za redio toka asubuhi. Mechi ya mabinti iliwekwa saa nane, ili watu washangilie wavu kwanza kisha wawahi Kamerun, na matokeo yake ni kwamba uwanja ulijaa watu ambao walishapandisha mori na walikuwa wanatafuta tu pa kuumwaga. Watu wa Rwezamenyo walikuja na ngoma. Muuza vitunguu alikuja na sufuria na mwiko. Swafiya alikaa mstari wa mbele na kapu la mandazi aliyosema ni ya kuuza, lakini hakuuza hata moja, alikuwa akiyagawa kila tulipopata pointi.

Wapinzani walitoka Butare, mabinti waliofundishwa vizuri, watulivu, wamevaa soksi zinazofanana. Walichukua seti ya kwanza kama watu wanaokunja nguo. Ya pili ikawa yetu. Ya tatu yao. Ya nne, hapo ndipo Gahongayire alipofunguka. Ikirezi, binti mdogo wa akiba, alikuwa akirukaruka kwenye benchi akipiga kelele kila mpira ulipoinuka, "Mpira iko juu! Iko juu! Mpige!" Na Gahongayire alikuwa anaupiga. Mpira ulikuwa ukishuka upande wa Butare na kuacha vumbi. Mzee mmoja nyuma ya Ilyasi alivua kofia akaitupa, na hakuipata tena.

Pointi ya mwisho ya seti ile aliipata Gahongayire. Aliruka juu ya mikono miwili ya wapinzani, akaupigilia mpira chini, uwanja ukalipuka. Seti mbili kwa mbili! Lakini aliposhuka, mguu wake wa kushoto ulitua juu ya kiatu cha msichana wa Butare chini ya wavu. Ilyasi aliuona ukipinda. Katika kelele zile zote, yeye hakusikia kelele.

Walimbeba mpaka benchi. Kulikuwa na mapumziko ya dakika chache kabla ya seti ya tano, ile ya kuamua. Ilyasi alipiga goti, akamvua kiatu. Kifundo kilishaanza kuvimba, kimekaa duara, ngozi inang'aa.

"Nimepona, Fundi," alisema Gahongayire haraka haraka. "Funga tu. Funga kitambaa, nicheze."

"Kanyaga."

Akasimama. Akakanyaga. Uso haukubadilika hata kidogo, ila jasho jipya lilimtoka juu ya mdomo. "Ona! Nakanyaga. Iko sawa."

Ilyasi aliushika ule mguu akaubonyeza hapa na pale. Alijua nguo. Alijua wavu. Mfupa uliojificha ndani ya uvimbe hakuujua. Inawezekana umevunjika, inawezekana ni mshtuko tu, na hapakuwa na mtu pale wa kumwambia.

Mtu, hata hivyo, hakukosekana. Cyriaque, mwuguzi wa zahanati ya mtaani na mshangiliaji asiye na mipaka, alishafika ana mkoba wake. Ndani ya mkoba kulikuwa na sindano.

"Fundi, toka kidogo. Hii ni ya ganzi. Nachoma hapa na hapa, maumivu inaisha palepale. Atacheza kama hakuna kitu."

"Umeona ndani? Mfupa umepona?"

"Mi naona nini ndani, niko na macho ya picha? Lakini hatasikia!"

"Asiposikia, ukivunjika zaidi atajuaje?"

"Kesho atasikia. Leo tuna kombe!"

Madame Daphrose alifika, miwani imepanda kwenye paji la uso, filimbi mdomoni, akaitoa. "Ilyasi, shule hii haijawahi kugusa kombe hata la mashindano ya mbio za magunia. Wanafunzi wote wako hapa. Wizara iko hapa. Mchomeni huyo mtoto sindano."

"Madame, mguu huu si wa shule."

"Ni wa nani?"

"Wa kwao. Ndio unaowaletea maji."

"Watachota wengine!" alisema Madame Daphrose, na nadhani alijuta palepale, maana aliivaa miwani vizuri. Lakini maneno hakuyafuta.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Gahongayire alilijua na Ilyasi alilijua. Kwenye viti vya mbele alikuwepo bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, kiongozi wa klabu kubwa ya mjini. Alikuja kumtazama Gahongayire. Seti ya tano ingekuwa ndiyo mlango wake wa kuingia klabu.

Gahongayire aliushika mkono wa Ilyasi kwa mikono yake miwili. "Fundi, usinitoe. Nakuomba. Yule bwana ataniona nimekaa benchi? Miezi yote hii nimeruka, unitoe leo? Leo? Mguu ni wangu, si wako, si wa baba! Fundi, wote wananitazama!"

Kweli wote walikuwa wanamtazama. Ngoma za Rwezamenyo zilishashika jina lake, Ga-ho-nga-yi-re, Ga-ho-nga-yi-re, na sufuria ya muuza vitunguu ikiitikia. Ilyasi alihisi machozi yanamjia, si ya huzuni tu, bali na ya hasira pia, kwa kuwa alilitaka kombe lile kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa ameliota. Alikuwa ameshalishonea kitambaa cha kulifunikia. Sauti ndani yake ilimwambia pointi kumi na tano tu, pointi kumi na tano zina nini?

Mwamuzi alipuliza. Ilyasi akasimama, akasema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua:

"Cyriaque, funga mkoba. Ikirezi, vua koti. Unaingia."

Ikirezi aliacha kurukaruka. "Mimi?"

"Wewe."

Gahongayire alipiga ukelele ambao ulizima ngoma. "Umeniua!" alilia. "Fundi, umeniua!" Akageuza uso, akajifunika kwa taulo.

Kisha uwanja ukamzomea fundi; Rwezamenyo hawakuwahi kumzomea mtu wao namna ile. Ganda la ndizi lilimpiga Ilyasi begani. Madame Daphrose alimsogelea akamwambia polepole, "Jumatatu usije." Alisikia, akaitikia kwa kichwa, akageukia uwanja, maana mechi ilikuwa imeanza na watoto wake walikuwa ndani.

Na seti yenyewe! Aliyeondoka mapema kuwahi redio mpaka leo anajilaumu. Ikirezi alikuwa mfupi, kwa hiyo hakupiga smashi, aliokota. Kila mpira wa Butare uliokuja kumuua aliupata kwa goti, kwa kiwiko, mara moja kwa shavu. Watu walianza kucheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakasimama. Saba kwa saba. Kumi na moja kwa kumi na moja. Ngoma zikarudi, kwanza kwa aibu, baadaye kwa nguvu zote, na sasa zilikuwa zinaita I-ki-re-zi. Kumi na nne kwa kumi na nne! Ilyasi alikuwa amelala kifudifudi kando ya mstari, anapiga ardhi kwa viganja. Swafiya alikuwa amesimama juu ya kapu la mandazi, na mandazi yote chini yake yameshakuwa chapati. Kumi na sita kwa kumi na sita. Kwa sheria za siku zile seti iliishia kumi na saba: pointi moja tu iliyobaki, yeyote atakayeipata ndiye.

Mpira ulipaa, ukagusa juu ya wavu, ukatembea kidogo juu ya kamba kana kwamba unachagua. Ukaangukia kwetu.

Butare walilia kwa furaha, nao walistahili. Watu wetu walitawanyika kwenda kutafuta redio zao, wengine wakipita karibu na Ilyasi kwa makusudi wapate kumtolea maneno. "Kombe umetupa wewe kwa mikono yako!" Swafiya alishuka kwenye kapu, akamfutia bega lile lililopigwa na ganda la ndizi, akasema, "Nenda kamrudishe mtoto kwao. Leo nimekuruhusu uende na mke mwenzangu."

Walipata lifti kwenye pikapu iliyokuwa inarudi Bugesera na magunia matupu. Gahongayire aliketi mbele, mguu umefungwa vitambaa vitatu vya cherehani, na njia nzima hakusema neno. Ilyasi alijaribu kuongea habari za Kamerun. Alijaribu habari za mvua. Binti alitazama dirishani tu. Kutoka barabara kuu aliazima baiskeli, akamweka juu yake, akaisukuma kupanda kilima, kanzu yake nzuri aliyoivalia fainali imekunjwa mpaka magotini.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Nyumbani kwa Rutayisire watu walikuwa wengi kuliko siku ya posa, maana kulikuwa na sababu mbili za kujikusanya: redio, na mtungi mkubwa wa pombe ya ndizi uliotayarishwa kwa ajili ya kombe. Rutayisire alishawatangazia majirani wote kwamba binti yake anarudi na ushindi. Alitoka mbio kuwapokea, akauona mguu.

"Mmeshinda?"

"Tumeshindwa," alisema Ilyasi. "Aliumia seti ya nne. Nikamtoa."

Waliingia ndani. Akaitwa bibi jirani anayeunga mifupa. Bibi alifungua vitambaa, akaushika mguu, akaufuata kwa vidole gumba taratibu mpaka chini ya kisigino, akautikisa mara moja ghafla. Gahongayire alishtuka, hakulia.

"Mfupa mzima," alisema bibi. "Ni mshipa umeshtuka. Nitamkanda. Atashuka bondeni kabla mwezi haujaandama."

Mama yake, pale mkekani, alimshukuru Mungu kwa sauti. Rutayisire yeye alimpiga Ilyasi jicho.

"Kumbe angeweza kucheza."

"Angeweza."

"Seti moja tu!"

"Ndiyo, Mzee. Na tulishindwa kwa pointi moja."

"Pointi moja!" Rutayisire alishika kiuno. "Wewe Fundi, nilikuambia umrudishe mzima, sikukuambia umfunge kamba! Mguu wa kijana unapona. Mimi nimewaita watu! Angecheza hata kwa mguu mmoja, mimi nisingekudai kitu!"

Ilyasi alimtazama mtu huyu ambaye kwa ajili ya neno lake alikuwa amezomewa na mji mzima, akachoka mpaka kwenye kucha. Kisha, kwa namna ya ajabu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Mzee," alisema, "hata ungekuwepo pale ukaniamuru wewe mwenyewe, ningekunyima. Sikujua kama umevunjika. Nawe hukujua. Angepaswa kuruka juu ya kitu ambacho hakuna aliyekijua, na wa kulipa ni yeye peke yake."

Rutayisire alifungua mdomo ajibu, lakini nje redio ililipuka. Kamerun wamefunga! Watu walipiga mayowe, mtungi ukatikisika, mtu akaanza kucheza juu ya benchi, na Rutayisire, posa na kombe vikiwa vimemtoka kichwani, alitoka nje mbio. Hazikupita dakika nyingi wakafunga tena, na kilima kizima cha Gahanga kikapokea, vilima vya ng'ambo vikajibu, mbwa, watoto, masufuria.

Ndani walibaki Ilyasi, mama aliyekuwa akitabasamu kwa kelele za nje, na Gahongayire aliyelaza mguu juu ya goti la bibi. Ilyasi alianza kukunjua kanzu yake ili aage.

"Fundi," alisema Gahongayire. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu uwanjani.

"Naam, mwanangu."

Hakumtazama. Alikuwa akivuta uzi uliochomoza kwenye jezi yake.

"Mguu uliniuma sana. Maumivu yalikuwa yanapanda mpaka kwenye nyonga. Sikuweza kusema, wote walikuwa wanaita jina langu." Akaukata ule uzi. "Nilikuwa nakuomba unichezeshe, na moyoni nilikuwa naomba Mungu usinisikilize."

Nje walikuwa wakiimba. Ilyasi alikaa tena kwenye kigoda, na bibi akaendelea kuukanda mguu.